Suruali ya Mwalimu wa Tarumbeta

Nikianza kwa kumsifu mdogo wangu mtasema dada mtu lazima asifie, kwa hiyo naanza na kasoro zake. Alikuwa mbishi, mvivu wa kuosha vyombo, na mlaji wa kutisha. Jina lake halisi hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Mluzi, kwa sababu mama yetu alipofariki yeye akiwa na miaka minne, nilimchukua mimi, na siku nzima alikuwa anakaa chini ya cherehani yangu akipiga mluzi kufuata mwendo wa pedali. Nikikanyaga haraka, naye haraka. Nikisimama kukata uzi, naye kimya. Wateja walicheka, "Fundi, siku hizi una redio?"

Shuleni wakampa tarumbeta ya bendi, na tangu hapo hakuitoa mdomoni. Alipopata nafasi chuo kikuu kusomea upigaji wa jazi, jirani yangu kinyozi, ambaye tunatumia ukuta mmoja na mdomo wake hauna mlango, alikuja mbio kuniuliza.

"Miaka minne ya kupuliza, Fundi? Mbona mwanangu anapuliza puto na hajasoma popote?"

"Na wewe miaka ishirini unanyoa, mbona watu wanatoka na ngazi kichwani?" nikamjibu. Tulicheka, lakini mimi neno lile lilinikaa rohoni. Kila siku aliniuliza puto linaendeleaje.

Siku moja nilikwenda kuona wanachosoma. Kulikuwa na korido ndefu yenye vyumba pande zote mbili, vidogo kama stoo, kila kimoja na piano, kiti na kioo. Mlangoni kuna karatasi ya kuandika zamu, na wanafunzi wanapanga foleni saa kumi na mbili asubuhi kuiwahi. Wimbo mmoja lazima uweze kuuanzia kwenye kila noti ya piano, kumi na mbili zote. Unasikiliza rekodi ya zamani, unaisimamisha, unauimba ule mstari kwa mdomo mpaka ukae, ndipo unaruhusiwa kugusa tarumbeta. Mimi nilidhani wanastarehe!

"Jazi, dada," akanieleza, "wimbo unakupa mifupa tu. Nyama unaweka mwenyewe, palepale, watu wanakutazama."

"Kama kukata kitambaa bila kuchora chaki."

"Eeh! Hapo umenena."

Nikajiona na mimi msomi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kupiga jukwaani dakika hamsini na wenzake watatu, walimu wakikaa mbele na kalamu, na yeyote anaruhusiwa kuja kusikiliza. Nilimshonea suti ya bluu iliyoiva, kola nikaifumua mara mbili mpaka ikalala. Nikaalika wateja, shangazi, binamu, na kinyozi nikamwambia atakaa mstari wa mbele akome.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, nikaona chai inamchuruzika pembeni ya mdomo. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, alama ya duara imeingia ndani. Nikamuuliza, akasema ni uchovu.

Kesho yake mwalimu wake wa tarumbeta akaingia dukani na suruali mkononi. Mtu mpole, msafi. Akaiweka mezani, akabaki amesimama.

"Dada, nimekuja kwa ajili ya kijana wako. Waliojifunzia kwenye bendi za uwanjani wana tabia moja: mdomo ukichoka, wanaukandamiza na tarumbeta ili noti ya juu itoke. Miaka mitatu nimemwondolea tabia hiyo. Hofu ya mtihani imeirudisha, na msuli wa mdomo umeumia. Anatakiwa apumzike wiki sita. Asipulize, hata mluzi asipige. Mtihani atafanya muhula ujao, nimeshaongea na ofisi, hapotezi kitu."

"Si umwambie, mwalimu?"

"Nimemwambia mara tatu. Anasema dada ameshashona suti, ameshaalika watu. Mimi hanisikii. Neno lako moja linatosha. Mwambie utasubiri."

"Na asipopumzika?"

"Msuli ukichanika, anaweza asipige tena maisha yake."

Nikamwambia, "Nitamwambia, mwalimu." Akashukuru, akaondoka, suruali akaiacha. Niliigeuza nikaona haina tatizo lolote. Alikuwa ameona aibu kuja mikono mitupu.

Na kweli nilikusudia kumwambia, Mungu ni shahidi. Mluzi aliporudi jioni nilimpakulia, nikakaa, neno liko hapa kwenye ulimi. Mara kinyozi akachungulia mlangoni.

"Vipi, puto linapasuka lini? Au mmeahirisha?"

Alikuwa anatania tu. Hakujua lolote, maskini. Lakini damu ilinipanda.

"Tuahirishe nini?" nikasema. "Njoo na tai!" Kisha nikamgeukia mdogo wangu, nikamnyooshea kidole changu cha shahada. "Unakiona hiki? Sindano ya mashine ilipita katikati, ukucha ukang'oka. Nilifunga kitambaa, na gauni la bibi harusi nikalimaliza siku hiyohiyo. Sisi si watu wa kulala kwa ajili ya kamdomo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Akaacha kutafuna. "Mwalimu hajapita hapa, dada?"

"Alileta suruali."

"Basi?"

"Basi."

"Sawa, dada," akasema, akaendelea kula upande mmoja wa mdomo.

Siku ya mtihani suti ilimkaa, acheni niseme ukweli. Alipiga nyimbo nne. Kuna mmoja wa polepole aliupiga chini, noti chache tu, kama mtu anayekusimulia jambo jikoni, na nikalia mbele za watu. Hata kinyozi alipiga makofi mpaka tai ikahama. Nilimwona mwalimu amekaa pembeni, mikono ameikunja, hanitazami.

Wa mwisho aliutunga mwenyewe. Mpiga ngoma alianza, na moyo wangu ukaruka: ulikuwa mwendo wa pedali yangu. Mluzi akanitafuta kwa macho, akaniona, akaanza kupanda. Akapanda tena. Nikaona tarumbeta inazama usoni, shingo imesimama mishipa. Halafu sauti ikakatika, ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena, upepo.

Katika jazi mmoja akianguka wengine hawasimami. Wanauzungusha wimbo kutoka mwanzo, wanamngoja ainuke. Wakauzungusha mara moja, mara ya pili, ya tatu. Mpiga piano alikuwa anamtazama huku anapiga. Mdogo wangu alisimama ameishika tarumbeta kifuani, meno yake mekundu. Ukumbini watu wakadhani ndiyo mtindo wenyewe, wakapiga makofi, na mimi nikapiga nao. Aliyeacha kupiga ni kinyozi. Walipouzungusha mara ya nne mwalimu aliinuka, akapanda jukwaani, akamshika mkono, akamtoa.

Daktari alimshona vizuri. Niliutazama ule mshono kwa jicho la ufundi nikaona hauna kasoro, lakini nyama si kitambaa. Mwaka mzima alijaribu. Alijaribu kusomea utunzi, akaacha, akasema hawezi kuwaandikia wengine kitu ambacho mwili wake unakitaka. Akaja kwangu, nikampa pasi. Ananyoosha vizuri sana. Kinyozi hamtanii tena, anamnyoa vizuri na kumwita "mkuu", na bora angemtania. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alisikia la mkuu, na mkuu mwenyewe ni mimi.

Mwezi uliopita alikuwa anapanga nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Akashusha suruali moja, akasoma karatasi ya jina niliyoibana kiunoni.

"Hii si ya mwalimu?"

Nikakanyaga pedali.

Akaigeuza ndani nje. Akapima zipu, akavuta pindo, akapitisha kidole kwenye kila mshono, kama nilivyomfundisha. "Ilikuwa na tatizo gani?"

"Sikumbuki."

"Haina kitu, dada."

Nikaacha kukanyaga. Nikamweleza yote, kuanzia mwalimu alivyosimama pale mezani mpaka lile neno moja aliloniomba. Nilisema nisamehe, nikarudia, nikalia. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, suruali iko mikononi.

"Mimi nilikuficha maumivu," akasema. "Nilidhani ukijua naumwa utanizuia, halafu utafedheheka mbele za watu. Nikasema bora nivumilie." Akaitazama suruali. "Kumbe ulikuwa unajua."

Akainyoosha ile suruali, akaikunja, akaipeleka mwenyewe. Saa sita alikuwa amerudi, amewasha pasi, anaendelea na kazi. Hakuninunia wala hakunigombeza, na chakula nilichompa alikula.

Jioni alining'inizia shati mbele yangu nilikague.

"Hili tayari, Fundi," akasema.

Mpaka leo ndivyo anavyoniita.