Niliazima earth iwe neutral, bomba la uani likaanza kumng'ata mama mkwe

Habari za leo wakuu. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila leo nina wanawake wawili wa kuwashukuru na kosa langu mwenyewe la kukiri. Sitaongeza wala kupunguza.

Umeme sikusomea darasani. Nimejifunza kwa vitabu, kwa kufungua vitu vilivyokufa na kwa kuuliza. Naishi Dunda, Bagamoyo, na mke wangu na mama yake mzazi.

Upande mmoja wa nyumba ulizimika ghafla: jikoni na chumba cha mama. Sebuleni umeme upo kama kawaida. Mke alikuwa Lugoba anamuuguza dada yake, hivyo tulibaki mimi na mama.

Nikachukua tester, ile bisibisi yenye kitaa ndani, nikapima soketi ya jikoni huku taa zikiwa "on" na friji limechomekwa pale pale kwenye adapta.

Tundu la live, waya unaoleta umeme, likawasha kitaa. Tundu la neutral, waya wa kuurudisha, nalo likawasha.

Hapa wengi hupotea, wanasema umeme umezidi. Haujazidi. Neutral imekatika mahali. Umeme unapita kwenye taa au friji, unafika kwenye waya wa neutral, unakosa njia ya kurudi.

Nilichomoa friji, nikazima swichi zote za upande ule, nikapima tena. Tundu la neutral likawa kimya. Jibu nikalipata.

Mpaka hapo nilikuwa sahihi.

Nilidhani waya umekatikia darini, na joto la chini ya bati mchana mnalijua. Mama alikuwa na samaki kwenye friji. Nikafanya nilichoona mafundi wa mtaani wakifanya: ndani ya soketi ile nikaunganisha neutral na earth, waya wa usalama unaoshuka ardhini. Wao huita kuazima earth.

Taa zikawaka, friji likanguruma. Mama akaniombea dua ndefu, nami nikavimba kichwa.

Nilichosahau ni kwamba aliyefunga umeme wa nyumba hii aliifunga earth kwenye bomba la chuma la uani. Zamani bomba lilizama ardhini mbali. Baadaye tuliweka mabomba ya plastiki, kikabaki kipande kifupi cha chuma kilichosimikwa kwenye zege. Umeme wote wa jikoni nikawa nimeuelekeza kwenye kipande hicho.

Na mama hutawadha kwenye bomba hilo kila siku, kila swala.

Siku ya tatu, alasiri inakaribia, nikamwona analipita bomba akiwa na kopo la maji aliyochota kwenye ndoo ya jikoni. Nikamuuliza kama maji yamekatika.

"Yanatoka, baba."

Akataka kuendelea na safari yake. Nikamuuliza tena, sasa kwa kumsihi.

"Linaning'ata kidogo. Nikivua ndala nioshe miguu ndiyo linazidi."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoturudishia umeme."

Watu wa pwani mtanielewa. Mama mkwe hamfuati mkwewe kumlalamikia. Angemwambia binti yake, na binti angenifikishia. Binti yuko kwa mgonjwa, hakutaka kumwongezea mawazo. Akaona heshima ni kunyamaza na kutumia kopo.

Nilikimbia nikazima main switch.

Nikampigia Rehema, fundi aliyesomea, yuko Mapinga. Nilimweleza yote bila kujitetea.

"Main switch umezima?"

"Nimezima."

"Mama mzima?"

"Mzima."

"Mshukuru Mungu, halafu toa huo uchafu wako kwenye soketi. Na darini usipande. Fungua soketi ya mwisho inayofanya kazi."

Alinifafanulia kwamba waya hupita soketi hadi soketi. Kosa liko kati ya soketi ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa, na mara nyingi liko kwenye skrubu.

Nikatenganisha neutral na earth, kisha nikafungua soketi ya sebuleni iliyo karibu na mlango wa jikoni. Nilipougusa tu waya wa neutral unaoendelea jikoni, ukachomoka wenyewe. Ulikuwa umeota kutu ya kijani, hewa yetu hii ya chumvi. Nikakata ncha, nikamenya upya, nikakaza. Nusu saa haikufika.

Kesho yake Rehema alikuja. Alipigilia earth rod mpya, ile fimbo ya shaba, ardhini, akafunga kifaa cha kukata umeme unapovuja, akapima kila soketi na lile bomba. Akamwambia mama sasa ni salama.

Mama akamjibu, bila kuniangalia: "Leo aanze fundi wetu."

Rehema alicheka mpaka akashika ukuta. Nikavua viatu, nikaosha miguu mbele yao, taratibu, hadi visigino. Mama akasubiri nimalize, akavua ndala zake, akatawadha.

Nilisimama pale pale mpaka akafunga bomba.

Wakuu, earth haiazimwi, hata kwa saa moja. Na ukishatengeneza kitu, zunguka uulize kila anayekitumia, hasa yule anayekuheshimu kiasi cha kukunyamazia. Kwangu mimi, ndala za plastiki ndizo zilizokaa kati ya mama na kosa langu.

Namshukuru Rehema. Namshukuru mama, ambaye siku hizi hapiti kwa binti yake tena. Akiona taa inapepesa ananiita mwenyewe.

Mafundi mliosomea, nirekebisheni nilipokosea. Na wewe ambaye bomba au friji la kwenu "linatekenya", zima kwanza main switch, ndipo uje utuelezee hapa.