Tangi Kubwa la Bwana Prakash

Kwa miaka kumi na tisa Jamaldini alitunza matangi ya petroli ya Bwana Prakash, karibu na stesheni ya reli ya Arusha. Kila asubuhi alipanda ngazi na ufito wake wa kupimia. Basi mwaka 1951, serikali ilipoagiza kwamba tangi lililo jirani na nyumba za watu lisizidi galoni elfu kumi, alijua ataitwa yeye kulipunguza tangi kubwa.

Badala yake Prakash akamleta Ndesanjo kutoka Moshi, kijana mwenye cheti cha kukata chuma kwa gesi. Angekata sehemu ya juu ya tangi kubwa, kisha akirudishe kifuniko, libaki fupi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Jamaldini alijibu huku akitazama pembeni.

Prakash alimwagizia kijana chai ya maziwa na kumwita fundi. Jamaldini hakuwahi kuitwa hivyo hata siku moja. Jioni, nyumbani kwake Ngarenaro, alisukuma sahani kando akimsema yule kijana.

"Mtoto wa watu amekukosea nini?" mkewe, Batuli, alimuuliza.

"Nani kasema amenikosea?"

Tangi likamwagwa petroli yote, likasuguliwa, likaachwa wazi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, baridi ya Meru ikiwa bado imeshika chuma, Ndesanjo aliingiza kichwa, akanusa.

"Safi. Mitungi ya gesi ikifika saa sita, nakata."

Jamaldini alijua si safi. Petroli hujificha kwenye maungio ya mabati ya chini, na jua likipasha chuma, mvuke hupanda. Akanyamaza. Mwenye cheti afundishwe na nani? Alitaka kijana aaibike mbele ya Prakash. Zaidi ya aibu hakutaka kufikiri.

Saa sita Ndesanjo alipanda, akashusha miwani, akatoa kiberiti. Hapo Jamaldini akaikimbilia ngazi.

"Usiwashe! Shuka!"

Prakash alitoka ofisini mbio. "Jamaldini, una wazimu?"

"Mwambie anuse tena."

Ndesanjo alinusa, akarudi nyuma akikohoa, machozi yakimtoka. "Asubuhi hapakuwa na kitu!"

"Asubuhi kulikuwa na baridi. Jaza maji mpaka karibu na alama yako ya kukatia, mvuke ukose pa kukaa. Acha upepo upite, ndipo ukate."

Wakafanya hivyo, na tangi likakatwa salama. Mkaguzi wa Kizungu alikuja, akapima, akaridhika, akampa Ndesanjo mkono.

"Aliyeniokoa ni huyu mzee," Ndesanjo alisema. Lakini alisema kwa Kiswahili, na mkaguzi alikuwa ameshamgeukia Prakash wakizungumza Kiingereza.

Jamaldini alidhani moyo ungepoa. Haukupoa. Aliutazama mkono wa Ndesanjo ulioshikwa na mkaguzi mpaka akajionea haya.

Miaka iliyofuata, kila Ndesanjo alipopita Arusha alimletea kahawa ya kwao, akamwita baba. Jamaldini aliipokea, wakanywa pamoja. Kwamba siku ile alijua hatari tangu asubuhi, hakumwambia Ndesanjo kamwe, wala mkewe Batuli.