Rasta Moja ya Kimotho

Baada ya kumzika mwanawe, Mukami alibaki na faraja moja tu: kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki. Si faraja kubwa, lakini mwenye njaa hana miiko.

Alikuwa mkaanga mandazi mtaani Tuwan, Kitale, mwanamke mwepesi wa kucheka na mgumu wa kusamehe. Na alikuwa na mengi ya kusamehe. Kimotho, mtoto wake wa pekee, aliuza mtungi wa gesi, akauza koti la marehemu babake, akabandua hata mabati ya choo, vyote vikaishia kwenye bangi, tembe na heroini. Majirani walimwambia la kuvunda halina ubani. Aliwabishia miaka minne, kisha akachoka.

Halafu kijana akatoweka miezi mitano. Akarudi Alhamisi moja asubuhi, amenenepa, rasta zake zinang'aa mafuta.

"Mum, nimeacha. Nilikuwa Myanga huko Bungoma, kwa nyumba ya watu wanaacha. Ngoja wiki mbili tu, utaona."

Mukami alitaka kuamini, tusimsingizie. Chai alikwisha mmiminia. Lakini Kimotho alipoinama kuvuta kiti, mama aliona pengo kisogoni: rasta moja ilikuwa imekatwa, karibu kabisa na ngozi. Na nani asiyejua mjini kwamba rasta hununuliwa saluni?

"Sasa umefika kuuza nywele? Ati umeacha!"

"Si kuuza, Mum. Ngoja tu..."

"Nimengoja miaka minne, bana! Toka!"

Akamsukuma nje na kutia komeo. Kimotho alibisha, akaita mara mbili, akaenda zake. Siku ya tisa alikutwa amekufa nyuma ya kibanda huko Kipsongo, heroini imemzidi. Mukami alilia mpaka sauti ikakauka, lakini kaburini aliipata tena ya kuwaambia watu: "Mimi nilijua. Aliniambia ameacha, na nyinyi wenyewe mmeona."

Sasa mwenye haki hulala usingizi, au ndivyo tunavyodhani. Mukami hakulala. Kila akikanda unga alisikia mlango ukibishwa, akifungua, hakuna mtu. Siku moja alimfuata mwanamume asiyemjua, kwa sababu ya rasta zake tu, kutoka sokoni hadi Kipsongo, na yule alipogeuka ikabidi amwombe msamaha. "Mbona wanisumbua?" alimwuliza marehemu huku akigeuza mandazi. "Si ni wewe uliyenidanganya?"

Wiki ya tatu mlango ulibishwa na mtu wa kweli, mzee mwenye bahasha mkononi.

"Mama Kimotho? Mimi ni Nehemiah, nirikuwa naishi na kijana huko Myanga, kwa ire nyumba ya watu wanaacha. Pore sana, mama. Nirisikia juzi tu." Akaketi, akaiweka bahasha mezani. "Hii ni yako. Ariandika upewe wewe kwanza."

Mukami aliitazama, hakuigusa. "Ni nini?"

"Majibu ya nywele. Turimkata rasta moja ya nyuma, Jumanne kabla arudi huku. Nywele inakua kama sentimita moja kwa mwezi, na kitu umetumia inabaki ndani. Huku kwa ncha wamepata bangi, tembe, heroini. Hizi sentimita nne za karibu na ngozi, hakuna kitu."

"Lakini amekufa na heroini!"

"Ndiyo, mama. Mwiri urikuwa umesahau. Akachukua kipimo ire ya zamani, ikamwua."

Ule ushahidi Mukami aliousimamia kaburini ulikuwa ukimgeukia. Akatafuta pa kushika.

"Na zile siku za mwisho kabla nimfukuze? Nywele imeonyesha?"

"Ya wiki hiyo haionyeshi. Inakuwa bado chini ya ngozi."

Moyo wake uliruka kwa furaha. Wiki nzima! Huenda alivuta wiki hiyo. Huenda aliingia humu ndani akiwa mwongo. Kisha akatambua anachokiomba, mama mzazi, na aibu ikamshika hata akafunika uso kwa aproni.

"Wiki hiyo arirara kwangu," Nehemiah akasema polepole. "Arihamisi asubuhi turimpima mkojo kabla apande gari. Hakuna kitu."

"Mbona hakuniambia?"

"Arisema maneno yake umeyachoka, mama. Aritaka usome mwenyewe."

Jumapili Mukami aliomba nafasi kanisani. Wakadhani ni shukrani ya waliomsaidia kwenye mazishi, na kina mama wakaanza kupiga makofi. Alifungua karatasi ya majibu, akasoma zile sentimita nne kwa sauti ya mtu anayeita wateja: bangi, hakuna, tembe, hakuna, heroini, hakuna. Makofi yakakatika.

"Niliwaambia kaburini kwamba Kimotho alinidanganya," akasema. "Hakunidanganya. Alikuja nyumbani amepona, mimi nikamfukuza akafe."

Mchungaji aliinuka, mikono imenyooshwa, akaanza kumwendea.

"Keti, Mchungaji," Mukami akamwambia. "Mtu asiniambie pole."