Santuri ya Mkwe

Ferista hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alikaa kwa kuazima, nusu ya mwili kwenye benchi na mguu mmoja umekwisha kuelekea mlangoni. Mama mkwe wake, Nesta, alisema mwanamke huyu alizaliwa safarini na safari haijamtoka mwilini. Alipika amesimama, alichambua maharage huku akizunguka ua, na mtu akimtembelea alimsindikiza kabla mgeni mwenyewe hajasema anaondoka. Kitu kimoja tu kiliweza kumkalisha chini, nacho ni muziki, tena uwe mzuri. Mbaya ulimwinua upesi kuliko siafu.

Jina lake Tunduma nzima lilitokana na hilo. Mumewe Luka, fundi cherehani, alirudi kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka akiwa na gramafoni, na baraza lake likawa halikauki watu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado ametukalia, na siku hizo kulikuwa na bwana mmoja mwenye gari la kunasa sauti aliyepita barabara kuu kila kiangazi. Alisimama Mlowo, akasimama Tunduma, akawanasa wapigaji wa hapa hapa, watu wasio na bendi wala tajiri nyuma yao, wakulima waliojinunulia gitaa au waliojitengenezea. Santuri zao zilirudi kabla ya Krismasi, zimefungwa kwenye majani makavu kama mayai.

Basi ikawa desturi. Siku iliyofuata Krismasi watu walijaa kwa Luka, santuri zote za wenyeji zikapigwa moja baada ya nyingine, kisha Ferista akasema ipi imeuchukua mwaka. Hakuna aliyemteua. Watu waligundua tu kwamba santuri iliyomkalisha Ferista ndiyo iliyoimbwa mashambani hadi mavuno, na iliyomfanya anyanyuke kwenda kuangalia moto, hiyo ilikufa na mwenye nayo. Wala hakuwa na upendeleo. Kwaya iliyofundishwa na mjomba wake mwenyewe alisema inaimba kama watu waliovaa viatu vya kuazima. Mjomba alimnunia mpaka msimu wa kupanda, na Ferista alilia kwa hilo, lakini neno hakulirudisha.

Sasa, familia hii ilikuwa ya Wandali, waliohamia Tunduma kutoka milima ya kwao na kuja na desturi zao zote. Kwao mke wa mwana hamwoni baba mkwe wake. Hakai naye chini ya paa moja, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mwanamke huingia porini, akajifunika nguo kichwani na kuwapa mgongo watu wote mpaka mzee apite. Mzee naye ana wajibu wake. Asajile, baba yake Luka, alianza kukohoa tangu mbali kila alipokaribia nyumba ya mwanawe, ili mkwewe apate nafasi ya kutoweka. Tangu aolewe hadi amezaa watoto, Ferista alikijua kikohozi cha mkwe wake na si kitu kingine. Alisikia kwa watu tu kwamba mzee alijifunza gitaa ujanani alipokuwa akichimba dhahabu kule Lupa.

Mwaka mmoja, majuma machache kabla ya Krismasi, Luka alileta santuri mpya mbili. Moja ilikuwa ya Sadoki wa Mlowo, kijana hodari aliyependwa na wasichana. Ya pili haikuwa na karatasi ya jina katikati. Luka alisema imebanduka kwa unyevu wa njiani, naye hajui ni ya nani. Ferista akazungusha hendeli, akaweka sindano, akarudi mlangoni kama kawaida yake.

Hakufika mlangoni. Gitaa lilianza polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani bila haraka, kisha sauti ya kiume yenye mikwaruzo ikaimba, *nikikaa naiona njia, nikienda nakiona kiti*. Ferista akakaa chini kwenye sakafu ya udongo, mwiko mkononi. Alihisi mtu fulani amemfungua kifua akasoma kilichomo. Hapajapata kuwa na mtu aliyeisema shida yake, na hata yeye hakujua kwamba ilikuwa na maneno.

Kuanzia hapo aliipiga asubuhi, akaipiga mchana, akatwanga mahindi kwa mapigo yake, akacheza peke yake jikoni watoto wakimcheka. Alikuwa akicheza hivyo Nesta alipoingia bila hodi, amebeba ungo wa viazi. Bibi yule alisimama mlangoni akasikiliza. Ungo ulimponyoka.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "unacheza na nani humo ndani?"

Ferista akatazama uso wake, akatazama gramafoni, akaelewa. Alitoka mbio mpaka nyuma ya zizi, nguo kichwani, santuri ikiendelea kuimba kwenye nyumba tupu.

Jioni Luka alibanwa akasema kweli. Karatasi aliibandua yeye mwenyewe. Ferista alimuuliza kwa uchungu ni mwanamume gani anayemwingiza mkewe kwenye aibu ya namna hiyo kwa makusudi.

"Mama Yunisi," Luka alijibu, "mzee amepiga gitaa maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwambia kama anaweza. Nilitaka masikio yako. Ungejua ni yeye, ungenipa heshima tu."

Nesta alikata shauri palepale kama mtu anayefunika chungu. Kosa limetendeka ndani ya nyumba na litabaki ndani ya nyumba. Siku ikifika, Ferista aitaje ya Sadoki, ambayo ni nzuri na hakuna atakayeshangaa. Akiitaja hii, mji mzima utajua kwamba ameisikiliza sauti ya mkwe wake na kuichezea kiuno, na aibu hiyo itawafuata hadi mabinti zake watakapochumbiwa. Ferista alikubali. Alisema ndiyo, mama, na alikusudia hivyo.

Lakini ndiyo ile haikumkaa. Usingizi ukamkimbia, chakula kikawa majani. Alikwenda mpaka mpakani bila shughuli, akarudi, akaenda tena kisimani na ndoo imejaa. Aliiweka ya Sadoki ili aizoee, na kila alipoiweka miguu ilimtoa nje. Alijiambia kwamba ni uongo mdogo, wa adabu, mtu hafi kwa uongo wa adabu. Kisha alifikiri juu ya mjomba wake na viatu vya kuazima. Kama alimwambia kweli mjomba, akamwumiza, halafu leo anaiuza kweli kwa kuogopa midomo ya watu, basi alikuwa mkorofi tu siku zote, si mwenye sikio.

Siku ilifika, na watu wakamiminika hata kutoka Mlowo na ng'ambo. Asajile hakuja, alijua mkwewe yumo. Luka alipiga ya Sadoki, vijana wakaruka, Ferista akaisikiliza ameegemea nguzo. Luka alipoweka ile ya pili, Ferista alijifunika akaenda nyuma ya nyumba, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maana mkwe ana adabu. Wimbo ulipokwisha aliitwa, akaja akasimama pembeni ya baraza. Nesta alimtazama bila kupepesa.

"Ya Sadoki ni nzuri," Ferista alisema. "Nimeisikiliza nimesimama. Ile nyingine mwenyewe siwezi kumtaja, na sikupaswa kuisikia kamwe. Lakini niliisikia. Niliisikiliza nimekaa."

Baraza zima likapasuka kwa kelele. Nesta aliondoka bila kuaga. Wazee wa ukoo walikaa siku ileile wakaamua kwamba sauti ya mtu ni mtu mwenyewe. Ferista apeleke kuku wa kuomba radhi, na tangu leo popote santuri ile itakapolia, yeye aondoke, kama vile mzee mwenyewe ameingia.

Hapo ndipo mateso yalipoanza, maana Ferista alikuwa amekwisha kusema, na neno lake Tunduma lilikuwa sheria. Kila mwenye gramafoni aliitafuta santuri hiyo. Ililia dukani, ikalia kwenye vilabu vya pombe, ikalia kwenye harusi. Akinunua chumvi, inaanza, anaiacha chumvi. Akisukwa nywele, inaanza, anakimbia na nusu ya kichwa. Watoto wa mtaani walimjua, wakawa wanaimba mstari wa kwanza kwa makusudi ili wamwone akiruka. Mji mzima uliufurahia wimbo aliouchagua yeye, na yeye peke yake alifukuzwa nao huku na huku, hapati pa kutua. Alijuta? Siku nyingine alijuta, tena kwa machozi. Angeulizwa tena angesema vilevile.

Mwezi wa tatu, mahindi yakiwa yamempita mtu kimo, alikuwa akirudi shambani aliposikia kikohozi mbele. Akaingia kati ya mistari ya mahindi, akachuchumaa, akajifunika, akawapa mgongo watu wote. Hatua zikaja, zikafika usawa wake. Zikasimama.

Hazikupaswa kusimama. Ferista akajikunyata. Upande wa pili wa njia majani yalichakachika. Mzee naye alikuwa ameingia shambani, amegeuka. Kisha sauti ile yenye mikwaruzo, bila gitaa, ikayaambia mahindi:

"Ubeti wa mwisho. Pale ninapowasalimu watu wa Lupa. Sijui kama uko sawa."

Ferista aliuma nguo. Kusema mbele yake kulikuwa kosa lisilo na kuku wa kutosha. Lakini mtu alikuwa amemwuliza juu ya wimbo, na katika mambo yote ya dunia hilo ndilo ambalo hakupata kulikwepa. Alilishika jani la mhindi lililokuwa mbele ya uso wake, akaliambia:

"Ni mrefu. Salamu ni nyingi, gitaa linachoka kungoja."

Aliogopa amemwumiza kama alivyomwumiza mjomba.

"Nilijua," sauti ikasema. "Nilijua, na wote wananisifu tu."

Mzee akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo, akarudi njiani, akaenda zake akikohoa. Ferista alibaki pale ameketi udongoni, wala hakuwa na haja ya kunyanyuka, mpaka jua likaingia. Hakumwambia mtu. Asajile alifariki mwaka huohuo, kabla gari la kunasa sauti halijarudi, na katika maisha yao yote hayo ndiyo mazungumzo pekee waliyowahi kuwa nayo.