Siku Darasa Liliposoma Ubao Mtupu

Walimu wenzangu waliniita Spika, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni sifa. Miaka kumi na tisa nilifundisha hesabu darasa la saba kwa sauti iliyosikika hadi jikoni kwa mpishi wa shule. Kisha mwalimu wa darasa la kwanza akaenda likizo ya uzazi, na Mwalimu Mkuu, mama mpole asiyerudia neno, akaniambia nishuke huko kwa mihula miwili. Nilinuna wiki nzima. Mke wangu akaniuliza, "Si wewe husema kila siku kwamba kazi ni kazi?" Kweli nilikuwa nikisema, ila nilikuwa nawaambia wengine.

Nikajipa moyo kwamba kufundisha herufi ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Mwenye darasa aliniachia daftari la maelekezo: kila herufi ina sauti yake, mtoto aitamke, aitafute ndani ya neno, aiunganishe polepole na ya jirani. Nililisoma ukurasa mmoja, nikalikunja nikaliweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Mimi njia yangu ilikuwa fimbo na koo. Naandika ubaoni ba be bi bo bu, nagonga, wanapokea. Ma me mi mo mu, nagonga, wanapokea. Baada ya miezi miwili watoto arobaini na watatu walikuwa wakiusoma ubao mzima, toka juu hadi chini, vioo vya madirisha vikitetemeka. Nikaanza kuacha mlango wazi makusudi ili wenzangu wasikie.

Mmoja tu ndiye aliyeniharibia shughuli. Alikuwa binti wa dawati la nyuma, nikamwita Kimya, jina ambalo leo nikilikumbuka naona haya. Wenzake wakiimba, yeye huukodolea ubao macho, midomo ikichezacheza bila sauti. Nikimwinua peke yake asome neno, ataanza "mmm", vidole vimeshika koo utadhani ana mafua, kisha "aaa". Akifika herufi ya tatu, subira yangu ilishakwisha zamani. "Kaa chini," namwambia. Sikuwahi kumwacha afike mwisho wa neno, hata siku moja.

Muhula ulipokaribia kwisha nikamjazia fomu ya kurudishwa chekechea. Penye sababu niliandika kwa mwandiko mkubwa wa ubaoni, maana mkono ulishazoea: hajui kusoma. Bibi yake, ndiye anayemlea, akaitwa aje saa sita mchana aweke dole gumba.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimemaliza kufuta ubao nikamwona mtoto mmoja anatafuna chaki. Nikageuka kumkemea, na akili ikiwa kwenye ile chaki, mkono ukaenda wenyewe ukagonga ubao kwa fimbo. Darasa likapokea: "Ba, be, bi, bo, bu!" Nikatazama nyuma yangu. Hapakuwa na hata nukta. Nikadhani wananitania, nikagonga chini kidogo. "Ma, me, mi, mo, mu!" Walinisomea ubao mtupu toka juu hadi chini, bila kosa, nyuso zimejaa furaha, na mimi nimesimama na fimbo yangu kama mchunga aliyepotelewa na mbuzi.

Kimya peke yake alikuwa amefunga mdomo. Nikamwuliza mbona hasomi.

"Hakuna kitu, mwalimu," akasema. "Umefuta."

Nikaandika neno moja tu, meza, nikamwita bingwa wangu wa kuimba. Akaitazama fimbo, akanitazama mdomo, kisha akaanza kwa ujasiri, "Ba, be, bi..." Nikajaribu wengine watatu, mambo yakawa yale yale. Kabla sijamfikia Kimya, mpishi akaja kuniambia kwamba bibi ameshafika ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

Nikamshika mtoto mkono tukaenda. Njiani nilijadiliana na nafsi yangu. Nikinyamaza, mtoto mmoja atarudi chekechea na sifa zangu zitabaki palepale. Nasikitika kusema kwamba mjadala huo haukuwa mfupi; tulifika mlangoni bado unaendelea.

Bibi alikuwa fundi cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Fomu ilikuwa mezani pamoja na wino. "Mimi sijui kusoma, mwalimu, kwa hiyo siwezi kubisha," akaniambia. "Lakini huyu nyumbani hunisomea maandishi ya mfuko wa unga. Nilidhani anabuni tu."

"Habuni," nikasema mwishowe. "Wanaobuni ni wale wenzake, na mimi ndiye niliyewafundisha kubuni."

Mwalimu Mkuu hakupoteza muda kunihoji. Akachukua karatasi iliyokuwa karibu na mkono wake, akampa mtoto. "Haya mwanangu, soma hapo palipoandikwa kwa mwandiko mkubwa." Ilikuwa ile fomu. Sijui hadi leo kama alikusudia. Nilinyoosha mkono niichukue, akanitazama, nikaurudisha.

Mtoto akaanza. "Hhh... a. Ha." Alikwenda taratibu, kidole chini ya kila herufi, na safari hii hakuna aliyemwambia akae. "Ju... i. Hajui." Akavuta pumzi. "Ku... so... m... a. Kusoma." Kisha akayasoma yote pamoja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani kwangu: "Hajui kusoma."

Bibi alipiga kofi moja la furaha, halafu mikono ikasimama hewani, maneno yalipomfikia. Mjukuu wake hakuona. Alikuwa anatabasamu, ameinua uso kunitazama mimi, kwa sababu mwandiko aliutambua.

"Mwalimu," akaniuliza, "ni nani hajui kusoma?"