Matuta ya Marehemu

Kila mvua ikikatika, shangazi huinamia ndoo mbili alizofukia mwishoni mwa shamba kukinga maji yanayoteremka. Ya upande wenye matandazo ya mabua huwa na maji maangavu. Ya upande wa matuta aliyoyalima marehemu mumewe kufuata mteremko hujaa tope, na rutuba yote imo humo. Hulichota kwa viganja akalirudisha juu, akijua mvua ijayo italishusha tena.

“Shangazi, si utandaze na huku?” bwana shamba humchokoza. “Au tope limekuwa mjukuu, la kubebwa?”

“Nikiyafunika, alama za jembe lake nitaziona wapi?”

Leo mahindi ya upande wa matuta yamegeuka manjano kabla ya kufika magotini. Shangazi akabeba mabua, akapapasa kila tuta kabla ya kulitandazia.

“Nakufunika tu, baba watoto. Sikufuti.”