Wiki Tatu na Klachi ya Baba

Pikipiki ilimwangusha baba mbele ya lango la chuo cha ualimu, Kasulu, mchana kweupe, wanachuo wakitazama. Hakuumia sana. Goti lilichubuka na kioo kimoja cha pembeni kikavunjika. Alifika nyumbani akiikokota, akanieleza: alikuwa amesimama kupisha lori, gia ya kwanza imeingia, klachi ameikamata, na pikipiki ikaruka mbele kama ng'ombe aliyechomwa sindano.

"Klachi haikati," alisema. Maana yake unaikamata kwa mkono wa kushoto, lakini injini haiachii gurudumu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mkataba wangu wa kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta ulipokwisha. Kule ndiko nilikojifunza kuendesha pikipiki, na kuifungua pia, kwa sababu sikuwaamini mafundi. Siamini watu wengi. Baba alizoea kusema kwamba chuo kikuu kilimrudishia yule binti yake wa miaka minne, anayeuliza "kwa nini" mpaka ugali unapoa.

Pikipiki hiyo imenizidi umri. Alipewa akiwa bwana mifugo, na alipostaafu akainunua kwenye mnada. Kila Jumamosi aliipanda kwenda Munanila kuwatazama ng'ombe wa watu waliomwita daktari, ingawa hakuwa daktari. Tangu mama afariki, siku nyingine sita za wiki alikuwa akiisubiri Jumamosi tu. Nililiona hilo, ndiyo maana nikasema nitaitengeneza mwenyewe.

Nilianza na waya wa klachi. Ulikuwa mkavu, nyuzi mbili zimekatika. Nikaweka mpya, nikatia grisi, nikarekebisha leva, kisha nikazunguka nayo hadi sokoni na kurudi. Gia ziliingia laini kabisa. Baba akapanda, na hata kona ya kwanza hakuifikia. Gia zilikwaruza, injini ikazima.

Nikamwaga oili, nikatia nyingine. Ikawa vilevile: mimi nikiendesha, safi, yeye akiendesha, inaruka au inazima. Nilifungua daftari nikaanza kuandika. Uzito? Baba ni mwepesi kuliko mimi. Joto la injini? Nikaipasha kwanza, hakuna tofauti. Njia? Tulipita njia ileile. Jirani mmoja akasema kuna mtu mwenye wivu, na pikipiki imefungwa. Nilimuuliza huyo mwenye wivu aliifunga kwa spana namba ngapi. Aliondoka amenuna.

Wiki ya pili niliipeleka kwa fundi mjini, mtu ambaye wazazi wake walikuja zamani kutoka Burundi na ambaye mpaka leo klachi anaiita ambreyaji, kama alivyomsikia baba yake akiiita.

"Dada, umeifungua wewe hii?"

"Mimi."

"Na boliti zimebaki ngapi?"

Wenzake walicheka.

"Zimebaki za kichwa chako," nikamwambia.

Akacheka na yeye, akaipanda, akaenda nayo mpaka alipopotea machoni, akarudi. "Ambreyaji nzima hii. Shida yako ni mzee. Wapo wazee wanaendesha pikipiki kama wanaswaga ng'ombe."

"Ameiendesha zaidi ya miaka thelathini, leo ndiyo amesahau?"

"Basi badilisha pleti, kama una hamu ya kununua. Lakini mimi nimekwambia."

Nilimwona mvivu wa kufikiri. Nikapanda basi hadi Kibondo, kwa mfanyabiashara anayetunza spea za pikipiki ambazo hazitengenezwi tena, nikarudi na pleti za klachi na springi zake.

Siku niliyozifunga, baba alikaa kwenye kigoda kando yangu tangu asubuhi. Alinipa kila spana kabla sijaiomba, na zote alinipa kwa mkono wa kulia, kama alivyotulea. Ni adabu tu, nani angeshangaa?

"Jumamosi hii naenda," alisema. "Kuna ndama kule ana kitovu kibaya. Nikiwaachia wale, watampaka majivu."

"Utaenda, baba."

"Ego, mama yangu." Yaani ndiyo, kwa Kiha, na mimi huniita mama.

Kesho yake asubuhi, kabla hatujaijaribu, alikuja bibi jirani na habari ya mbuzi wake. Kwetu Buha salamu ya heshima huenda na makofi: unakutanisha viganja polepole, vimekunjwa kidogo, vitoe mlio mzito. "Mwakeye," bibi alisema, akapiga makofi yake. Baba akaitikia na kupiga yake, lakini mlio haukutoka. Kiganja cha kulia kilikigonga cha kushoto, na cha kushoto kikarudi nyuma kama nguo kwenye kamba.

Bibi aliona. Aliinamisha macho na kuanza haraka kueleza mbuzi alivyoacha kula.

Alipoondoka nilichuchumaa mbele ya baba nikampa vidole vyangu.

"Nikamate kwa kushoto. Kwa nguvu."

"Ya nini?"

"Kamata kama klachi, baba."

Alikamata. Niliiona mishipa ya shingo yake ikisimama. Kwenye vidole vyangu nilihisi mguso tu, kama wa mtoto mchanga.

"Tangu lini?"

"Tulipokuwa tunapalilia mahindi. Niliamka siku moja, mkono umekufa ganzi. Nikasema nimeulalia."

Mahindi hayo tuliyapalilia pamoja. Nilikuwa kwenye tuta lililo kando ya lake.

"Na mdomo?"

"Ulipinda kidogo. Ukarudi."

"Baba, wiki tatu nafungua injini unanitazama!" Nilipaza sauti, na mpaka leo naisikia.

Alifuta kiganja cha kushoto kwenye suruali kana kwamba kina uchafu. "Ulisema ni waya. Halafu ukasema ni oili. Wewe ndiye uliyesoma, mama. Nikasema, labda kweli ni klachi."

Hospitalini walisema ni kiharusi kidogo, presha iko juu, na kwamba kikubwa zaidi kingeweza kufuata. Daktari aliuliza kilianza lini, nikamjibu, akaandika bila kuinua uso. Alitupa dawa, akatuonyesha mazoezi ya kuminya mpira. Nilimuuliza kama tungekuja mwanzoni mkono ungepona. Akasema hilo hawezi kulijua. Nilimuuliza tena kwa maneno mengine, naye akajibu vilevile.

Jumamosi baba alivaa mabuti yake. Mimi ndiye niliyemfungia kamba zake. Akakaa barazani, akaniambia nimpigie mzee wa Munanila, mwenye yule ndama, na niiweke simu kwenye sauti kubwa.

"Daktari! Tunakusubiri, ndama amezidiwa."

"Pikipiki imeharibika," baba alisema. "Klachi."

"Si ulisema binti yako anaitengeneza?"

Baba alinitazama, halafu akaisogeza simu upande wangu. Mimi ninayewasahihisha watu hata msibani nilisema, "Shikamoo mzee. Ni klachi kweli. Spea zake siku hizi hazipatikani."

"Marahaba. Ee, chombo kizuri kile! Basi nitume bodaboda imchukue?"

Baba alitikisa kichwa.

"Leo amechoka, mzee."

Ng'ombe alilia karibu na simu. "Haya, msalimie. Acha tumtafute bwana mifugo mwingine, huyu ndama hawezi kungoja."

Nilikata simu. Nilimwambia baba nitamwendesha mimi Jumamosi ijayo, nitamshikia chupa, nitachoma sindano yeye akinielekeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni vizuri. Kisha akainuka kwa kushika nguzo. Saa nne asubuhi aliingia ndani akajilaza, mabuti yakiwa miguuni, uso ameugeuzia ukutani.